Macho makavu na vumbi la mbao: fundi, fanya hivi kabla hujakimbilia dawa ya matone

Kuna kitu kilinichanganya miaka mingi. Jioni nikifunga karakana machozi yananichuruzika utafikiri nimemenya vitunguu vya pilau la harusi, alafu siku nilipoenda kliniki ya macho mhudumu akaniambia mzee, macho yako ni makavu. Nikamwangalia tu. Makavu vipi na kitambaa mfukoni kimelowa chapachapa?

Ngoja nieleze hili kwanza manake bila hapo hatua zote zinazofuata utaziona za kijinga. Chozi sio maji matupu. Chini kuna utelezi unaoshika kwenye jicho, juu yake maji, na juu kabisa kuna mafuta kidogo yanayotoka kwenye vitundu vidogo sana vilivyopangana kwenye ukingo wa kope, hayo mafuta ndo yanazuia maji yasikauke haraka. Sasa wewe unashinda kwenye vumbi, jasho na vumbi vinagandana pale pale kwenye mizizi ya kope, vile vitundu vinaziba, mafuta hayatoki vizuri, chozi linakauka kabla hujapepesa tena. Jicho likishakereka linafungulia maji ya dharura, mengi kweli, ila ni maji tu hayakai, yanamwagika shavuni. Ndo maana unalia na bado jicho linachoma kama lina mchanga.

Mimi niko Keko hapa Dar, fanicha, mwaka wa 18 huu. Vitanda, makabati, milango. Mninga, mkongo, paina ya Mafinga, na siku hizi MDF (zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi) kwa sana kwa sababu ya hizi jiko za kisasa. Sio daktari na sijifanyi daktari, ila nimefanya karibu makosa yote ntakayoyataja huku chini na mengine nimeyalipia.

HATUA YA 1: Jua unapambana na nini

Watu wanasema tu "macho yananisumbua" alafu wanapewa dawa moja wote. Kuna mambo matatu tofauti hapa.

Kama yanachoma, mazito, yanakuwa mabaya zaidi kuelekea jioni, ukitazama kitu unaona vizuri alafu kinafifia, ukipepesa kinarudi, hiyo ni hali ya ukavu. Na inakuwa macho yote mawili kwa pamoja, sio moja.

Kama yanawasha, yaani kuwasha hasa kwamba unatamani uyasugue mpaka ufikie ubongo, na pua inatiririka na unapiga chafya, na inakuja ukigusa mbao fulani, hiyo inaelekea kwenye aleji. 

Kama ni jicho moja, limeanza ghafla, na kila ukipepesa unasikia kitu kinakwaruza, usijidanganye kwamba ni ukavu. Kuna kitu humo ndani. Hatua ya 2 inakuhusu wewe.

Na unaweza ukawa na yote matatu, hakuna sheria.

HATUA YA 2: Kitu kimeingia sasa hivi

Zima mashine. Najua inaonekana haina haja ya kusema ila nimemwona mtu anamalizia kupasua ubao kwa jicho moja huku lile lingine amelifumba, na msumeno unazunguka, jamani.

Usisugue. Hapa ndo pagumu kuliko pote kwa sababu mkono unaenda wenyewe. Kile kibanzi kimekaa chini ya kope la juu, ukisugua unakitumia kama msasa kwenye kioo cha jicho lako mwenyewe, ile sehemu angavu ya mbele.

Nawa mikono kwanza kwa sabuni. Mikono ya fundi ina gundi, ina vanishi, ina kila kitu. Alafu chukua maji safi, na nikisema safi sina maana ya lile pipa la kona ambalo juu limetanda ngozi ya vumbi. Mie naweka chupa mbili za maji ya kunywa ya dukani, hazijafunguliwa, kwenye kisanduku chenye mfuniko karibu na mlango, hazinywewi, dogo yeyote akizigusa kwa ajili ya kiu ananijua. Ukiweza pata ile dripu ya maji ya chumvi ya famasi (ya chumvi, sio ya sukari, muulize muuzaji), hiyo haichomi kabisa, ila ukishaikata itumie siku hiyo hiyo na inayobaki mwaga. Usijikorogee maji ya chumvi ya jikoni kwa kukadiria.

Inamisha kichwa upande wa jicho lenye shida ili maji yakimwagika yaende nje, yasivuke pua kwenda kuchafua lile zima. Mtu akushikie kope mbili zikae wazi. Mimina taratibu kuanzia upande wa puani kwenda nje huku unazungusha jicho juu, chini, kulia, kushoto. Dakika kadhaa, sio sekunde. Kama unavaa lenzi za kubandika, zitoe kwanza.

Bado kinakwaruza? Angalia chini, shika nywele za kope la juu, livute mbele alafu lishushe lifunike kope la chini, liachie. Nywele za kope la chini zinapangusa ndani ya lile la juu kama ufagio. Rudia mara mbili tatu. Mara nyingi kinatoka hapo.

Kisipotoka, nenda zahanati. Mie kilinigandia kibanzi siku nzima nikakaza roho, usiku sikulala, asubuhi nesi akaniambia tazama magotini kwako, akakunja kope la juu juu ya kijiti cha pamba, sekunde mbili, akanionyesha: kipande cha mninga chekundu, kidogo kuliko punje ya chumvi. Kile ndo kilichonifanya nizunguke chumbani usiku kucha. Baadae wakanitia dawa ya rangi na kumulika kwa taa ya bluu, kioo cha jicho kilikuwa na michoro ya wima, mistari mistari, kama umepitisha msasa namba 60.

Vitu ambavyo vinafanyika kwenye karakana zetu na naomba tuviache: kumpulizia mtu jichoni kwa mdomo, kulamba jicho kwa ulimi (ndio, watu wanalamba), kutoa kwa ncha ya kiberiti, kutoa kwa kona ya khanga au ya kitambaa cha kufutia mbao, na mfalme wao, upepo wa kompresa. Hiyo ya kompresa narudi kwayo.

Kama kilichoingia ni tina, vanishi au gundi, hapo hakuna kuangalia wala kuuliza, maji papo hapo, dakika 15 kwenda juu bila kuacha, alafu hospitali. Na kama kitu kimechoma na kimesimama ndani ya jicho, kibanzi kirefu au msumari, USIKITOE na usimwagie maji. Funika jicho kwa kikombe cha plastiki au kitu kigumu kisichogusa jicho, na uende.

HATUA YA 3: Dalili ambazo hazisubiri kesho

Maumivu makali, kuona kumepungua, mwanga unakuumiza mpaka unataka kukaa gizani, usaha, au doa jeupe juu ya ile sehemu nyeusi ya jicho. Hilo doa jeupe ukiliona ukijitazama kwenye kioo cha ukutani acha kila kitu. Mbao ni mmea, na jeraha la jicho lililosababishwa na mmea kwenye nchi za joto kama zetu linaweza kuingiza kuvu. Kidonda cha kuvu kinaanza polepole, unakizoea, alafu kinakula kioo cha jicho, na dawa za kawaida za bakteria hazikigusi. Kwa hiyo kama jicho lilipata kibanzi siku tatu nne zilizopita na badala ya kupona linazidi, nenda, na mwambie daktari wazi kwamba ilikuwa mbao. Hiyo sentensi moja inabadilisha anachokitafuta. Hospitali ya wilaya wana kitengo cha macho au wanajua pa kukupeleka, kwa Dar kuna Muhimbili na CCBRT pale Msasani, Moshi kuna KCMC.

HATUA YA 4: Toa mfukoni hiyo chupa unayotumia sa hivi

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo paliponiumiza.

Nilikuwa na chupa yangu ya matone, niliuziwa kwenye duka moja la dawa, sikupimwa wala kuulizwa, nilisema tu macho mekundu. Ilikuwa kiboko. Unatia asubuhi tone moja, baada ya nusu saa macho meupe kama ya mtoto. Nikawa nanunua nyingine ikiisha, na nyingine, nikawasifia wenzangu nao wakanunua. Nikiacha siku mbili wekundu unarudi maradufu, kwa hiyo siachi. Ile siku ya kliniki nilipoambiwa macho ni makavu waliomba kuiona chupa. Daktari alisoma maandishi madogo, akanyamaza, akanipima presha ya macho. Ilikuwa imepanda.

Ndani yake kulikuwa na dexamethasone. Hiyo ni steroidi. Inapoza jicho haraka kweli, ila ukitumia kwa wiki na wiki bila kuangaliwa kwa watu wengine inapandisha presha ndani ya jicho, na hiyo presha inaua mshipa wa kuonea polepole bila maumivu, na pia inaweza kuleta mtoto wa jicho mapema. Na kama kuna kuvu au kirusi humo, umekimwagia mbolea. Mie nilibahatika, baada ya kuacha ilishuka. Sio wote inawashukia.

Kwa hiyo soma kwenye boksi. Ukiona jina linaloishia na "sone" au "solone", dexamethasone, betamethasone, prednisolone, na hukuandikiwa na mtu aliyekupima jicho, hiyo sio ya vumbi. Nyingi zimechanganywa na antibaiotiki kama neomycin ndo maana unaambiwa ni "ya kusafisha". Kama umeitumia muda mrefu usikurupuke kuacha ghafla, nenda wakupime presha wakuambie unaachaje.

Kundi la pili ni zile za kukata wekundu, zina naphazoline au tetrahydrozoline. Zinabana tu mishipa ya damu, jicho linaonekana jeupe ila ukavu uko pale pale, na ukizoea wekundu unarudi mkali zaidi. Siku ya harusi ya mdogo wako tia, sio kila siku.

Na yale ya nyumbani: asali, majani ya chai, maziwa ya mama, mkojo wa asubuhi, maji ya kitunguu. Najua bibi alikuwa anatumia. Bibi pia alikuwa haoni vizuri.

HATUA YA 5: Dawa yenyewe ya ukavu

Inaitwa machozi bandia. Ukienda famasi sema hivyo, au mwonyeshe maandishi: hypromellose, au carboxymethylcellulose, au sodium hyaluronate. Yoyote kati ya hizo ni sawa kuanzia. Tone moja mara tatu au nne kwa siku, na usisubiri mpaka yawake, tia kabla hujaanza kazi, mchana, na jioni. Ukiona unahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, uliza zile zisizo na dawa ya kuhifadhi, za vichupa vidogo vya kutumia na kutupa, manake hiyo dawa ya kuhifadhi yenyewe nayo inakera jicho ikizidi. Ni ghali kidogo, sina la kukusaidia hapo.

Namna ya kutia, kwa sababu watu wengi wanatia shavuni: mikono safi, angalia juu, vuta kope la chini lifanye kama kifuko, tone moja ndani ya kifuko, ncha ya chupa isiguse kitu chochote, alafu fumba taratibu na bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja hivi ili dawa isikimbilie kooni. Matone mawili hayana faida, jicho halina nafasi ya kuyabeba.

Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa maka peni. Nyingi mwisho wake ni wiki 4 toka ifunguliwe hata kama imebaki nusu. Chupa ya kila mtu ni yake, hakuna kuazimana kama futi kamba.

HATUA YA 6: Jioni, dakika kumi tu

Hii ndo ilinisaidia kuliko matone, na ni karibu bure.

Oga kabla hujakaa popote, na osha KICHWA. Nilikuwa naoga mwili na miguu vizuri, kichwa napitisha maji juu juu, alafu naenda kulala. Mama watoto siku moja alivua foronya akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, katikati kuna duara la rangi ya udongo, ni mninga ule, umetoka kwenye nywele. Usiku mzima najisugulia vumbi la mchana machoni. Kama una nywele fupi ni kazi ya dakika moja, kama una rasta funga kilemba kazini.

Baada ya kuoga, kitambaa safi, maji ya moto kiasi ambacho ndani ya mkono wako unavumilia vizuri, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa, kikipoa chovya tena, jumla dakika tano mpaka kumi. Lengo ni kuyeyusha yale mafuta yaliyoganda kwenye vitundu. Alafu kwa kidole safi kanda kope, la juu unashuka chini, la chini unapanda juu, taratibu, unasukuma kuelekea kwenye nywele za kope. Usibonyeze jicho lenyewe. Mwisho futa ukingo wa kope kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la shampuu ya watoto, suuza. Kitambaa chako pekeako, sio taulo la familia.

Wiki ya kwanza utaona hakuna kitu. Endelea. Mie nilianza kuona tofauti kwenye wiki ya tatu, niliamka kope hazijagandana.

HATUA YA 7: Sasa punguza vumbi lenyewe

Kompresa. Kila karakana jioni utaona foleni ya vijana wanajipulizia upepo, nguo, nywele, mpaka uso, macho wamefumba. Ule upepo una nguvu ya kupenyeza vumbi chini ya kope hata ukiwa umefumba, na jicho linaweza kupasuka mishipa au kuumia vibaya ncha ikikaribia. Na vumbi ulilojitoa linabaki hewani linamsubiri anayefuata. Kwangu hiyo nimepiga marufuku, kuna brashi laini na kitambaa chenye unyevu, unajipangusa ukiwa nje. Dogo mmoja aliniambia fundi unatudekeza. Sawa.

Msasa. Hatari zaidi sio ile mashine ya kupasua inayotoa maranda makubwa, yale yanaanguka chini. Ni msasa wa mwisho mwisho, namba 180, 240, unga laini kama poda unaoelea saa nzima. Na mbaya zaidi ni kufunga kipande cha msasa kwenye grenda, tunafanya wote kwa sababu inawahi, ila grenda inarusha unga mpaka kwa jirani. Kama una mashine ya msasa yenye mfuko, fungia mfuko na uumwage ukijaa nusu. Ukipata vakyumu ya kuunganisha na mashine, hata ile ya mtumba, hutorudi nyuma.

Upepo. Sisi wa pwani tumepewa bure. Kusi linavuma toka kama mwezi wa 4 mpaka wa 10, alafu kaskazi inakuja mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa 3. Simama hivi: upepo uje ubavuni kwako na utoke na vumbi upande wa pili. Ukiupa mgongo vumbi linazunguka mbele ya kifua na kupanda usoni, ukiupa uso linakuja moja kwa moja. Kwa hiyo benchi langu la msasa lina magurudumu, linageuka mara mbili kwa mwaka. Feni pia hivyo hivyo, isikupulize usoni, iwekwe inasukuma vumbi kwenda mlangoni. Feni ya usoni inakausha macho yenyewe hata bila vumbi.

Kufagia kavu asubuhi ni kulirudisha vumbi lote la jana hewani. Nyunyiza maji kidogo kwanza, kidogo tu yasiharibu mbao zilizolazwa chini.

HATUA YA 8: Miwani, na kwanini unaivua

Ile miwani myepesi iliyo wazi pembeni inazuia vipande vinavyoruka, ni lazima kwenye kupasua na rauta (mashine ya kuchonga kingo), ila unga laini unaingia juu, chini na pembeni. Kwa msasa unataka ile ya kubana uso yenye mpira kuzunguka na mkanda nyuma, matundu yake ya hewa yawe yamefunikwa. Ukigeuza fremu utaona maandishi: za Ulaya zinaandikwa EN 166, na namba 5 kwenye fremu ndo ya vumbi laini, namba 4 ni ya vumbi kubwa. Za kimarekani zinaandikwa Z87 na D5 kwa vumbi laini, D4 kwa vumbi la kawaida. Hapo mtaani nyingi hazina alama yoyote, nunua kama huna jinsi, ila ijaribu: ibane usoni, pitisha vidole kuzunguka, pasiwe na mwanya kwenye pua.

Tunaivua kwa sababu ya ukungu, tusidanganyane. Ukungu mara nyingi unatoka kwenye barakoa: pumzi inapanda juu kupitia puani inaingia kwenye miwani, na hiyo hewa inayopanda inakausha macho vile vile hata kama hujavaa miwani. Kwa hiyo barakoa iwe na kile kichuma cha puani, kibane kwa vidole viwili mpaka ukipuliza usisikie upepo machoni. Alafu ndani ya miwani paka tone la sabuni ya maji, sambaza, futa kwa kitambaa laini bila kusuuza. Inakaa masaa kadhaa. Na usifute vumbi kwenye miwani kwa tisheti, unaichora, baada ya wiki mbili huoni kitu unaivua. Suuza kwa maji kwanza.

Barakoa usiiruke ukidhani leo tunaongelea macho tu. Vumbi la mbao liliwekwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani toka 1995, saratani ya pua hasa.

Jasho: kitambaa cha pamba kwenye paji la uso, kibadilishe mchana. Mwezi wa pili hapa Dar bila hicho jasho linashuka na unga wote wa paji moja kwa moja machoni.

HATUA YA 9: Angalia ni mbao gani

Sio zote sawa. Mvule unajulikana kwa kuwasha, ngozi, pua na macho. Mtiki nao una mafuta yake, kuna watu hawaugusi kabisa. Mpingo, waulize wachongaji wa Mwenge. Mninga na mkongo watu wengine wanapiga chafya kutwa. Paina mbichi ina utomvu ambao harufu yake peke yake inachoma macho, iache ikauke. MDF unga wake ni laini kuliko wote, na gundi yake ina fomalidehaidi inayokera macho, hiyo ipasulie nje. Na zile mbao za kupaua zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, nyingi zina shaba, kromi na aseniki, usizipige msasa kabisa kama unaweza kuepuka, na maranda yake usimpe mtu wa kuku.

Weka kidaftari wiki mbili: leo mbao gani, macho vipi. Mie ndo nilivyogundua siku zangu mbaya zote ni mvule, na sasa kazi ya mvule nampa jirani kwenye msasa tunagawana hela.

HATUA YA 10: Vidogo vidogo

Piriton na cetirizine unazomeza kwa ajili ya chafya zinakausha macho, piriton zaidi. Kama daktari kakuandikia usiache, ila ujue. Sigara, moshi wa kuchoma maranda nyuma ya karakana, na kuangalia simu mchana wote wa mapumziko badala ya kufumba macho kidogo. Kawaida mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika, ukikodolea mstari wa penseli au simu inashuka sana. Kila ukimaliza ubao mmoja, pepesa mara kumi kwa kufumba kabisa, sio nusu. Utaonekana kichaa siku mbili tatu.

Ukishavuka 40 pima miwani ya kusomea. Kuna fundi hapa alikuwa analalamika macho yanauma kila jioni, vumbi vumbi, kumbe anakodoa tu kuona milimita kwenye futi kamba.

Na kama una kisukari, au viungo vinauma na mdomo nao unakauka muda wote, ukavu wako unaweza usiwe wa vumbi, mtajie daktari.

Fuata haya wiki tatu mpaka nne. Yasipobadilika nenda kliniki ya macho ukiwa na kile kidaftari na mfuko wenye kila dawa uliyotia kwenye jicho mwaka huu, hata ile chupa unayoionea aibu, hata ile uliyoazima kwa jirani na hujui jina lake.